Kuusoma Mlima Uliokwisha Kulika

Ukitoka Tabora mjini ukapita Nzega mpaka vijiji vya Choma wilayani Igunga, hutapanda mlima hata mmoja. Utaona mashamba ya pamba na mpunga, mbuga za udongo mweusi unaoganda miguuni wakati wa masika, na hapa na pale majabali ya graniti yaliyochomoza ardhini, mengine yamebebana, mengine makubwa kuliko nyumba. Mwanafunzi wa huku akifundishwa namna mabara yanavyogongana na kukunja milima, huoneshwa picha ya Himalaya. Nataka kuwasifu watu wanaoisoma habari hiyohiyo katika mawe yetu, kwa dira, nyundo, kioo na subira nyingi, mahali ambapo mlima wenyewe ulishalika zamani mno.

Ardhi hii inaeleweka vizuri ukiifuata ile njia ya misafara. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiipita njia hiyo muda mrefu kabla yao, pembe za ndovu begani. Kutoka Bagamoyo ilipita mchanga na mawe ya chokaa ya pwani, ikaingia milima ya Usagara kuelekea Mpwapwa, ikakata Marenga Mkali na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikafika Tura na hatimaye Unyanyembe, eneo la Tabora. Waliokuwa na safari ndefu zaidi walishika magharibi, wakanunua chumvi Uvinza, wakavuka Malagarasi, wakaishia Ujiji. Ichore njia hiyo juu ya ramani ya jiolojia. Upande wa mashariki, Morogoro mpaka Mpwapwa, ni mawe yaliyobanwa na kupikwa chini sana ardhini. Katikati, kuanzia Ugogo mpaka Tabora na kaskazini mpaka Ziwa Viktoria, ni kiini kikongwe cha graniti na mawe ya volkano za kale, ambacho wanajiolojia wanakiita kratoni ya Tanzania. Magharibi, yale mawe yaliyobanwa yanaanza tena: ni ukanda wa Ubende, unaoshuka kutoka Mpanda kupitia Ufipa mpaka Mbeya. Njia ya Ujiji yenyewe imefunikwa na mawe-mchanga ya baadaye upande wa Malagarasi, kwa hiyo anayetaka kuuona ukanda huo apinde kusini, ashike njia ya Mpanda na Karema.

Wahunzi wa Unyamwezi na majirani zao, ambao majembe yao yalikuwa bidhaa ya misafara, walifulia chuma juu ya fuawe la jiwe gumu. Nyundo ilishuka, chuma kikakunjika, fuawe likabaki lilivyo. Tabora imekaa juu ya fuawe. Mawe ya kratoni yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na tangu yalipopoa hayajakunjwa tena kwa kiasi cha kutajika. Mzizi wake chini ni mnene na wa baridi, na ndiyo sababu almasi zilidumu kule chini mpaka volkano ndogo zilipozipandisha juu, kama ile ya Mwadui, karibu na Shinyanga, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mapigo yote yaliyosimuliwa na mawe ya Usagara na Ubende yalitua kwenye kingo za kiini hiki.

Sasa tumwangalie mwenye kazi. Mwanajiolojia aliyefundwa vizuri haanzi na nyundo. Akifika kwenye mwamba, tuseme kando ya barabara ya Mpanda, huuzunguka kwanza. Hutafuta uso uliooshwa na mvua, humwagia maji kidogo kutoka kwenye chupa yake ili rangi zijitokeze, kisha huchuchumaa. Lenzi yake ndogo inayokuza mara kumi imening’inia shingoni kwa kamba. Huiweka karibu na jicho, siyo karibu na jiwe, halafu husogeza kichwa chote polepole mpaka chembe zitulie ndani ya kioo. Anayeanza kazi hushika lenzi mbali na uso na haoni kitu. Mzoefu hujulikana kwa jinsi anavyoinama.

Anachotafuta ni mpangilio. Katika graniti nyingi za Tabora chembe zimekaa ovyo, kila moja na upande wake, kwa sababu zilikua kutoka kwenye uji wa moto uliopoa kwa utulivu. Huku ukandani zimejipanga: ulanga mweusi umelala tabaka moja, feldspa nyeupe tabaka jingine, kwatzi imevutwa ikawa kama utepe. Jiwe linapobanwa likiwa moto bila kuyeyuka, madini yake hukua upya, na mara nyingi hulala kwa kukingama na nguvu inayolibana. Huulaza ubao wa daftari juu ya tabaka ili vijimwinuko visimdanganye, huegemeza dira, husubiri sindano itulie, husoma mwelekeo. Kisha hugeuza dira ubavu kupima mwinamo. Namba mbili zinaandikwa kwa penseli, maana wino hukimbia mvua na jasho. Namba hizo mbili peke yake hazisemi kitu. Zikifika mamia, zikapangwa kwenye ramani, ndipo unaona kwamba mistari ya Ubende inakwenda kaskazini-magharibi kwa kusini-mashariki, bonde baada ya bonde, sambamba na ukingo wa kratoni, na ile ya Usagara inaizunguka kona yake ya kusini-mashariki.

Kazi kama hii haikosi mtazamaji. Mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama akaangalia kwa muda kabla ya kusema.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umeona nini humo, dhahabu?”

“Hapana, babu. Naangalia jiwe limelalia upande gani.”

Mzee akatafakari. “Basi hapa unajisumbua. Nenda kule mtoni, chini ya mkuyu. Masika yameyaosha mawe yote, yako wazi.”

Alikuwa sahihi kabisa, na mwanajiolojia akafunga daftari akamfuata. Katika nchi ya udongo mzito na miombo, mito ya msimu ndiyo inayofungua kitabu, na wenyeji wanajua ni kurasa zipi ziko wazi.

Nyundo hutoka mwisho. Kabla ya kupiga, huchora kwa kalamu ya rangi mshale wa mwelekeo juu ya jiwe likiwa bado mahali pake, na kistari cha mwinamo, ili kipande kikifika maabara kiweze kuwekwa tena kama kilivyolala. Hupiga ukingoni, si katikati. Huvunja ngozi iliyochakaa mpaka afike kwenye jiwe bichi lisilo na kutu, kipande cha ukubwa wa ngumi. Namba inaandikwa kwenye jiwe, kwenye mfuko na kwenye daftari. Jiwe lisilo na namba ni kokoto tu.

Maabara ni mahali pa fundi mwingine, ambaye jina lake ni nadra kuonekana kwenye machapisho, nami naona ni dhuluma ndogo iliyozoeleka. Yeye ndiye anayetengeneza mkato mwembamba. Hulikata jiwe kwa msumeno wenye meno ya almasi, maji yakimwagika muda wote ili lisipate moto, apate kigae cha ukubwa wa kidole gumba. Uso mmoja husuguliwa juu ya bamba la kioo lenye unga wa kabaidi ya silikoni na maji, kwa mzunguko wa namba nane, ukubwa wa unga ukipungua hatua kwa hatua, na kila hatua kigae kinaoshwa mpaka isibaki hata punje moja ya unga uliotangulia, kwa kuwa punje hiyo moja itachimba mfereji na kazi yote irudiwe. Uso ukishalainika unabandikwa kwenye kioo kwa gundi ya epoksi, unaminywa ili mapovu yatoke, unaachwa ukauke. Kisha kigae kinakatwa tena, na kilichobaki juu ya kioo kinasuguliwa mpaka unene wa milimita 0.03.

Hakuna rula inayotosha kwa unene huo. Fundi hupima kwa rangi. Huweka kioo chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, aitafute chembe ya kwatzi. Mkato ukiwa mnene, kwatzi huonekana nyekundu au ya buluu. Hurudi kwenye unga, husugua kidogo, hutazama: rangi ya chungwa. Husugua tena: njano. Tena, sasa kwa kidole kimoja tu na uzito wa mkono peke yake: njano hafifu, halafu kijivucheupe. Hapo husimama. Akiongeza misuguo michache tu jiwe lote linaondoka na maji, na safari ya Mpanda imepotea. Nimemwona fundi akishusha pumzi pale rangi ilipofika, akaufuta mkato kwa kitambaa na kuchukua mwingine bila kusema lolote.

Jiwe lililokuwa jeusi sasa linapitisha mwanga, na ndani yake kuna maandishi. Chukua mfano wa jiwe linaloitwa eklojaiti. Lilianza kama lava nyeusi ya sakafu ya bahari. Likishushwa chini sana, pale bamba moja la dunia linapozama chini ya jingine, madini yake ya zamani hayawezi kuvumilia mgandamizo. Yanavunjika na kujijenga upya kuwa ganeti ya waridi na piroksini ya kijani inayoitwa omfasaiti. Jozi hiyo ikikosa feldspa pembeni yake, msomaji anajua jiwe lilishuka makumi ya kilomita. Halafu anatazama kingo. Omfasaiti imezungukwa na pindo la madini mawili mapya, yamesukana membamba sana, ambayo huota jiwe linapopandishwa juu na mgandamizo kulegea. Ganeti nayo ina ukingo ulioliwa. Kwa hiyo katika upana wa milimita chache ipo safari ya kushuka na ipo safari ya kurudi, na jiwe likatulia njiani kabla halijafuta alama zake zote. Msomaji mzuri hatosheki na pindo moja. Huzungusha meza ya hadubini digrii baada ya digrii, huchora kwa mkono anachokiona, huhesabu chembe, hurudi kesho yake akiwa na macho mapya.

Mawe ya aina hiyo yapo Tanzania, kwenye kilima cha Yalumba katika ukanda wa Usagara. Mwaka 1995 Andreas Möller, Peter Appel, Klaus Mezger na Volker Schenk walitangaza umri wake: takriban miaka bilioni 2. Jiwe lilifikia joto la nyuzi 750 hivi za selsiasi, kina cha kama kilomita 60. Ni miongoni mwa eklojaiti kongwe zaidi zinazojulikana duniani, na uzito wake katika mjadala ni mkubwa, kwani wako waliodhani kuwa zama hizo dunia ilikuwa bado na joto mno kwa bamba kuzama chini ya jingine kama leo. Yalumba inasema bahari ilikuwepo mashariki ya fuawe letu, sakafu yake ikazama, na mabara yakakutana. Upande wa pili, katika ukanda wa Ubende, Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Schenk na Appel walionesha mwaka 2012 eklojaiti nyingine za sakafu ya bahari, zenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Na hawakuishia hapo. Katika ukanda huohuo zimo eklojaiti changa zaidi sana, za chini ya miaka milioni 600, alama ya pigo jingine lililotua mahali palepale, bara dogo la Bangweulu lilipobanwa dhidi ya kratoni kutoka kusini-magharibi.

Umri huo unapatikanaje? Hapa ndipo subira inapofika kilele, na mwanzo wake utamkumbusha kila mchimbaji mdogo wa Nzega kazi yake mwenyewe. Kilo kadhaa za jiwe zinapondwa, zinachekechwa, kisha unga unaoshwa kwa maji ili chembe nyepesi ziende na nzito zibaki. Karai lingeweza kuifanya kazi hiyo, na mahali pengine karai ndilo linalotumika. Sumaku inaondoa zenye chuma. Kimiminika kizito kinaelesha kwatzi na kuzamisha kinachotafutwa: zirkoni, chembe ngumu zenye urefu wa sehemu moja ya kumi ya milimita au pungufu. Halafu mtu anakaa kwenye hadubini na sindano iliyoloweshwa spiriti, akiziokota moja moja. Hii ya mviringo na yenye ukungu aweke huku. Ile ndefu yenye ncha kali aweke kule. Yenye ufa aiache. Saa zinapita. Mashine itakayotumika baadaye ni ya bei kubwa na husifiwa sana, lakini haiwezi kurekebisha chembe iliyochaguliwa vibaya. Kwa maoni yangu umri wa mlima huamuliwa kwenye ncha ya sindano hii.

Zirkoni zilizochaguliwa zinapangwa kwa safu, zinamwagiwa epoksi, zinasuguliwa mpaka nusu ili tumbo lake lionekane. Ndani kuna pete: kiini cha zamani kilichozaliwa katika graniti moja, na koti jipya lililoota jiwe lilipopikwa upya. Zirkoni inapokua hupokea urani na kuikataa risasi. Urani ile hugeuka polepole kuwa risasi, nusu yake katika miaka bilioni 4.47 kwa aina iliyo nyingi, miaka milioni 704 kwa ile nyingine, kwa hiyo risasi iliyomo leo ni muda uliohifadhiwa. Mashine inapiga mwale kwenye kiini, kisha kwenye koti, na kupima. Ni risasi ileile ambayo kwa ajili yake reli ya tawi ilijengwa kutoka Kaliua mpaka Mpanda baada ya Vita Vikuu vya Pili, ingawa humu hupimwa kwa viwango vidogo mno visivyoonekana kwa jicho.

Mmoja wa waliotangulia kuufungua mlango huu ana historia na upande wetu wa Afrika. Arthur Holmes alichapisha mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 21, kazi yake ya kupima umri wa mawe kwa urani na risasi, na mwaka huohuo akaenda Msumbiji kutafuta madini, akarudi na malaria. Miaka 40 baadaye, mwaka 1951, alitenganisha mikanda ya kale ya Afrika na kuutambulisha ule wa mashariki kuwa Ukanda wa Msumbiji. Ndio unaopita Uluguru, Upare na Usambara. Mawe yake yalipikwa kati ya miaka milioni 650 na 520 hivi iliyopita, sehemu za mashariki na magharibi za bara kuu la Gondwana zilipogongana, na safu ya milima iliyoinuka ilianzia Arabuni ikashuka kwetu, Msumbiji na Bukini. Tanzaniti ya Mererani ilizaliwa katika ukanda huo. Mawe ya Uluguru yalikuwa wakati ule chini zaidi ya kilomita 30.

Sasa yako juu, na hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Gamba la dunia likibanwa hunenepa pande zote mbili: juu huinuka mlima, chini huzama mzizi mrefu zaidi. Gamba hilo huelea juu ya tabaka zito. Mvua inapoula mlima, uzito unapungua na mzizi unapanda. Ukipanda, mvua inaula tena. Kazi hiyo iliendelea kwa mamia ya mamilioni ya miaka mpaka vilele vyote vikawa mchanga wa mito na bahari, na sakafu ya mlima ikatokea juani. Mwinuko wa Uluguru tunaouona leo, wa zaidi ya mita 2,600, ni habari nyingine: ardhi ilipasuka baadaye sana na kuinua vipande. Anayesimama kule na kudhani anautazama mlima wa mgongano, kwa kweli anaukanyaga mzizi wake.

Na ile mishono ya kale, pale mabara yalipoungana, haijapona kabisa. Bonde la Ufa lilipoanza kupasua Afrika Mashariki, halikuweza kupenya fuawe. Liligawanyika, tawi moja likapita mashariki na jingine magharibi, na lile la magharibi likafuata mistari ya Ubende. Ziwa Rukwa limelala sawasawa na mistari hiyo, na sehemu ya Ziwa Tanganyika pia. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi, mojawapo ya makubwa kabisa kupimwa Afrika katika karne nzima.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa jiografia wa Tabora, Nzega, Igunga na Mpanda. Himalaya ifundisheni, lakini kabla ya hapo watoeni wanafunzi nje. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyoko Dodoma, ina ramani za jiolojia za nchi, na ya eneo lenu itafuteni. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, waulizeni wazee ni mto gani wenye mawe yaliyo wazi, chukueni lenzi ya mara kumi na chupa ya maji. Kila mwanafunzi achore anachokiona kwa penseli, aandike chembe zimelalia wapi, au kama hazijalala kokote. Nyundo iacheni shuleni siku hiyo.